Alama Nilizotoa Bila Kunusa

Mmeniuliza kila mmoja kwa njia yake. Koku alipiga simu, mwingine alinidaka nje ya kanisa, mwingine akatuma ujumbe wa neno moja: "Vipi?" Kila mtu nimempa kipande, na nasikia mkivikutanisha vipande vyenu haviungani. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja, tangu Buzuruga hadi Kamachumu na kurudi. Habari za tiketi nitaziruka, hazimfurahishi mtu.

Kama daftari hili litasomwa na mtu asiyetujua, ajue kwamba sisi ni watu watano tunaokutana Jumapili mchana, baada ya misa, nyuma ya nyumba ya Koku, kuonja bia. Hatulewi, au niseme, hatukusudii kulewa. Kila mtu huleta aina moja: bia nyepesi, bia nyeusi, bia ya ngano, na siku za bahati pombe ya kienyeji kutoka kwa mtu anayefahamika. Mimi ni fundi cherehani, lakini kazi yangu ya Jumapili ni kuandika. Rangi, povu, harufu, ladha, kinachobaki kooni, halafu alama kati ya kumi. Mliniita Pua, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyowahi kuwaambia.

Jambo msilolijua ni kwamba nilianza safari nikiwa na miezi minane bila kusikia harufu yoyote. Mnayakumbuka yale mafua yaliyonilaza wiki mbili. Homa iliondoka, kikohozi kikaondoka, harufu haikurudi. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi. Mume wangu Paulo alijua kwa sababu niliunguza maharage mara tatu nikiwa nimekaa palepale jikoni. Ninyi sikuwaambia. Nilikuwa nasoma maelezo yangu ya zamani, natazama nyuso zenu mnapoonja, kisha naandika. Koku aliposema kwamba mjomba wake wa Kamachumu bado anatengeneza rubisi, ile pombe ya ndizi ya Wahaya, na ninyi mkabishana kama ni bia au ni mvinyo, mkanichagua mimi nikaonje niwaletee jibu. Mlipiga hata makofi. Ningesema nini?

Buzuruga hadi Bujora

Mlitaka nianze na pombe ya mtama ya kwetu, ili niwe na cha kulinganisha. Jumatatu asubuhi nikapanda daladala Buzuruga, hapa hapa Mwanza, nikashuka Kisesa, nikachukua bodaboda hadi Bujora kwa mama mmoja aitwaye Mayu Ngolo, ambaye nilielekezwa na mteja wangu. Ana umri wa mama yangu, mfupi, ana mikono ya mtu aliyetwanga maisha yake yote.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Wewe ndiye mwenye kuandika pombe?"

"Ndiye mimi."

"Haya, kaa hapo karibu na moto, uandike."

Akaniwekea kata iliyojaa. Pombe ilikuwa nzito, ya rangi ya udongo, ya uvuguvugu, yenye chembe za mtama zinazokwama kwenye meno. Uchachu niliupata ulimini, na utamu kidogo nyuma yake. Juu ya hapo, hamna kitu. Nikafungua daftari na kuandika kwa sauti, kama ninavyofanya mbele yenu: "Harufu ya mkate uliotoka kuokwa."

Mayu Ngolo alikuwa ananitazama, si usoni bali miguuni. Ghafla akainuka, akamimina maji ya kuoshea vyombo juu ya mapaja yangu, akaanza kunipiga magoti kwa kiganja. Nilifikiri nimemkosea kwa kuifananisha pombe yake na mkate. Kumbe kaa la moto lilikuwa limerukia pindo la kitenge changu, na pindo lilikuwa limekwisha kuungua kiasi cha kiganja kizima.

"Mwanamke wewe! Hukusikia?"

"Nilikuwa nimezama kwenye pombe, mayu."

"Nguo inaungua juu ya mwili wako, mimi niko kule kwenye mtungi nasikia harufu. Wewe huisikii, ila unasikia mkate?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Alinipa kitenge chake kikuukuu nijifunge, akaniambia nitakirudisha siku nikija na akili zangu zote. Pombe yake nikaipa alama saba. Njiani kurudi niliona aibu, si kwa sababu ya kitenge, bali kwa sababu ya ile saba. Sikujua nimeitoa wapi.

Nyegezi hadi mahali fulani mbele ya Katoro

Jumanne nilipanda basi la Bukoba pale Nyegezi, kukiwa kumeshapambazuka vizuri. Daraja la Kigongo tulilivuka kabla chai niliyoinunua haijapoa, na abiria wengi walisimama kutazama ziwa pande zote mbili. Nami nilisimama. Mnakumbuka tulivyokuwa tunasubiri kivuko pale nusu siku, tukila mahindi hadi taya zinauma? Hata kuchelewa kwa zamani kunaweza kukumbukwa kwa hamu.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mstaafu, mwalimu, mwembamba, amefunga kilemba cheupe. Alijitambulisha kuwa Mwalimu Justa, Mlutheri, anarudi nyumbani Muleba kutoka kumwona mjukuu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanifungulia kopo la senene, wale panzi wa kuliwa, waliokaangwa. Nilikula. Walikuwa wakavu, wenye chumvi, wanalia kati ya meno kama karanga. Aliniuliza kama wana moshi kidogo. Nikasema ndiyo, wana moshi kidogo.

Tulipopita Katoro mkanda wa injini ukakatika. Fundi alifuatwa kwa pikipiki, na jua likapanda tukiwa tumekaa ndani kwa sababu nje hapakuwa na mti wowote. Saa ya kwanza watu walipiga soga. Saa ya pili wakaanza kufungua madirisha yaliyokwisha kufunguliwa. Nikaona mwanamke wa mbele anaziba pua kwa kanga. Kisha wa nyuma. Kisha kondakta akaja hadi kwenye kiti chetu, amejiziba kwa kola ya shati, akasema kwa hasira, "Mama, samaki wako wameharibika. Watoe nje."

"Sina samaki, mwanangu."

"Mfuko uko chini ya kiti chako na maji yanatiririka hapa."

Niliinama. Kweli, palikuwa na mfuko mkubwa wa plastiki, umevuja hadi kwenye viatu vyangu. Basi zima lilinigeukia. Mtu mmoja akasema, "Angalia, yeye tu ndiye hajaziba pua. Amezoea, ni wa kwake." Hoja yake ilikuwa nzuri, hata mimi ningeamini kuwa nina hatia. Nilibeba mfuko ule kwa mikono miwili, nikashuka nao, nikauweka barabarani. Hapo ndipo bwana mmoja wa suti ya kijivu, aliyekuwa amelala kiti cha nyuma yetu tangu Geita, akaamka na kupiga kelele kwamba nani ameiba sangara wake, anawapeleka ukweni.

Watu walicheka hadi wakasahau njaa. Waliniomba radhi, na bwana wa suti akaninunulia mihogo ya kukaanga kwa mama aliyetokea na beseni kichwani. Lakini Mwalimu Justa hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mwanafunzi pembeni ya darasa.

"Husikii harufu, sivyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na senene wangu hawana moshi. Nilipoona hukunusa kopo, nilikujaribu. Tangu lini?"

Nilimwambia. Mtu usiyemjua ni rahisi kumwambia. Nilimweleza juu ya mafua, juu ya daftari, juu ya jina la Pua. Halafu nikajikuta namweleza hadithi ya Sitta, ambayo sikuwa nimemweleza hata Paulo.

Ninyi Sitta mnamjua, lakini mengine hamkuyajua. Sitta, mmoja wa sisi watano, ni fundi wa kuchomelea vyuma, anapima kila kitu mara mbili. Alitumia miezi mitatu akitengeneza pombe ya asali kwake nyumbani, akaileta Jumapili moja kwenye chupa alizoziosha kwa maji ya moto, amevaa shati la kanisani. Alisema ikipita mbele yetu ataanza kuitengeneza kwa uzito. Nilionja. Ulimini mwangu ilikuwa maji matamu yenye kuchoma kidogo. Nilitafuta kwenye nyuso zenu la kuandika, ila siku ile mlikuwa mnaningoja mimi. Nikaogopa kusifia kitu kibovu nikaumbuka. Nikaandika na kusoma: "Haina uzito mdomoni. Haina harufu. Mbili."

Wawili kati yenu mlikuwa mmeshajiongezea glasi. Niliwaona mnaziweka chini. Sitta alisema, "Sawa, Pua," akakusanya chupa zake, na wiki iliyofuata mkewe alinisimulia kwamba amemwaga iliyobaki na asali amemgawia jirani.

Mwalimu Justa alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo fundi umeshamwambia?"

"Bado."

"Sasa Kamachumu unakwenda kufanya nini?"

Mkanda mpya ukafungwa, basi likawaka, tukaondoka. Tulipoagana Muleba alinipa kopo lote la senene. Alisema, "Hawa wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe, hawana moshi. Usije ukamdanganya mtu mwingine."

Muleba hadi Kamachumu

Mjomba wa Koku anaitwa Ta Kaijage. Ni mrefu, amenyooka, ana kofia ya pama asiyoivua hata mezani. Mkewe, Ma Adela, alinipokea kwa "Karibu waitu" nyingi kiasi kwamba nilisahau uchovu. Nyumba yao imezungukwa na migomba pande zote, unatembea chini ya kivuli kutoka mlangoni hadi zizini. Tulikula matoke kwa maharage, na jua lilikuwa bado lipo Ta Kaijage alipoleta kibuyu na mrija.

"Koku amesema unajua pombe kuliko watu wa kiwandani. Anza na hii."

Nilivuta. Ilikuwa tamu sana, laini, nzito kidogo. Nilifumba macho, nikasema, "Hii imechachuka vizuri. Ina kileo cha kutosha lakini kimejificha. Harufu yake ya ndizi mbivu na hamira inakuja taratibu. Ningeipa nane."

Ma Adela alitazama chini. Ta Kaijage alitazama kibuyu, akakivuta, akaonja mwenyewe ili kuhakikisha.

"Hii ni mramba," alisema. "Ni maji ya ndizi tu. Tumeyakamua leo asubuhi. Wanakunywa watoto wa kipaimara."

Nimewahi kuchana gauni la bibi harusi asubuhi ya harusi yake. Jioni hiyo kwa Ta Kaijage niliona afadhali aibu ile ya gauni. Ta Kaijage hakunitukana. Alichukua kibuyu, akasema kwa heshima kwamba labda safari imenichosha, tutazungumza kesho. Heshima yake iliniuma kuliko maji ya Mayu Ngolo.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba. Alikuwa na jirani yake ndani ya chombo cha mti uliochongwa mfano wa mtumbwi, wanakanyaga ndizi zilizoiva pamoja na nyasi, suruali zimekunjwa hadi magotini. Maji ya ndizi yalikuwa yanatoka taratibu, ya manjano, yenye povu. Pembeni, Ma Adela alikuwa anakaanga mtama kwenye kikaango cha chuma, ule mtama unaosagwa na kutiwa kwenye maji ya ndizi ili yachachuke. Nilisogea kumsaidia kugeuza. Niliinama juu ya kikaango.

Kitu kikanipiga usoni. Nilirudi nyuma. Nikainama tena, na kikanipiga tena, kibaya, kikali, kama tairi la gari linalochomwa.

"Inanuka!" nikapiga kelele. "Jamani, inanuka! Inanuka kama mpira unaoungua!"

Ta Kaijage alitoka ndani ya mtumbwi wake ndizi zikimdondoka miguuni. "Mtama wangu unanuka?"

"Unanuka vibaya sana!" Nilikuwa nacheka na kulia, nimemshika Ma Adela mabega. "Unanuka, mama! Asante! Unanuka!"

"Jana amesifia maji," Ta Kaijage alimwambia jirani yake, "leo anatukana mtama."

Ma Adela ndiye aliyeniketisha kwenye kigoda, akamnyamazisha mumewe kwa mkono, akaniambia nianze mwanzo. Nikaanza mwanzo. Nilisema yote, na safari hii Sitta nilimtaja mapema kabisa. Nilipomaliza, Ta Kaijage alikuwa bado amesimama, nyasi zimemkauka miguuni.

"Miezi minane hukusikia hata kinyesi cha ng'ombe?"

"Hata hicho, shikamoo." Nilichanganyikiwa hata nikamwamkia upya.

Hapo akacheka, cheko refu lililomfanya avue kofia. Alinusa mtama mwenyewe, akasema unanukia kama kawaida, labda pua yangu imeamka ikiwa imevaa nguo nyuma mbele. Kisha akasema hataniacha niondoke hadi rubisi iive.

Nilikaa siku mbili. Alifunika chombo kwa majani ya migomba, na kila baada ya muda alinichotea kidogo. Hakuniruhusu nitaje harufu. Aliniuliza tu: Ulimi unasema nini? Meno yanasema nini? Inashuka au inasimama kooni? Asubuhi ya kwanza ulikuwa utamu mtupu. Mchana ulimi ukaanza kuchomwachomwa. Siku ya pili utamu ulikuwa umepungua, uchachu umeingia, na mtama ulikuwa umeacha ukavu kwenye fizi, kama chai iliyokolea. Kumbe nilikuwa na mengi ya kuandika ambayo zamani niliyaruka kwa haraka ya kufika kwenye harufu.

Rubisi ilipokuwa tayari nilifungua daftari mbele yake. Rangi: ya majani makavu ya mgomba. Povu: jembamba, haraka kupotea. Ladha: nikajaza mistari sita. Harufu: nikaandika, "Sijui." Lilikuwa neno dogo, nikalipigia mstari. Alama sikutoa. Kama ni bia au mvinyo, Ta Kaijage anasema ni rubisi, na kwamba wanaotaka kubishana waje wenyewe wakunje suruali wakanyage ndizi.

Kamachumu hadi Mwanza

Nilipewa dumu la lita tano niwaletee. Rubisi haikubali kufungiwa; tulipofika Biharamulo dumu lilikuwa limevimba kama shavu lenye jino bovu. Dereva alisimamisha basi, akasema likipasuka ndani nitalipangusa peke yangu. Nililifungua nje, taratibu, na nusu ikaruka hewani. Iliyobaki abiria wakaiomba, na kwa kuwa walishashika vikombe mkononi, niliwagawia. Mzee mmoja aliipa tisa. Kwa hiyo alama mnayoidai ndiyo hiyo, aliitoa mtu mwenye pua.

Sikwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda karakanani kwa Sitta nikiwa na vumbi la safari. Alikuwa anakata bomba la mlango. Nilisubiri azime mashine, nikamwambia nikiwa nimesimama.

Alisikiliza akiwa ameshika miwani yake ya kazi.

"Kwa hiyo siku ile hukuinywa."

"Niliinywa. Sikuisikia."

"Na ukaandika haina harufu."

"Niliandika hivyo."

"Pombe ya asali, Pua. Nyumba nzima ilikuwa inanukia, mke wangu alikuwa anafunga mlango nyuki wasiingie. Nikafikiri mimi ndiye mgonjwa." Alivaa miwani. "Sasa nina kazi."

Akawasha mashine. Nikaondoka. Jumapili mliyojiuliza kwa nini mimi na Sitta hatukuja, sababu ndiyo hiyo. Yeye alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo. Mimi nilikaa na Paulo barazani, nanusa kahawa, sabuni, ndimu, majani ya chai. Vingi vilikuwa kimya. Kahawa ilinuka kama nywele zilizoungua, nikainusa mara kumi.

Jumanne iliyofuata Sitta alikuja dukani kwangu. Hakuniamkia vizuri. Aliweka juu ya meza ya kukatia ndoo mpya mbili, moja ndani ya nyingine, na mtungi mdogo wa asali ya Sikonge.

"Nataka kitambaa cha kuchujia. Kile cha pamba, cha marekani, safu mbili, kiwe na mpira wa kubana mdomo wa ndoo. Kile cha zamani nilitupa."

"Umenisamehe?"

"Nimekuja kushonewa."

Nilifungua marekani mezani. Mtungi ulikuwa karibu na mkono wangu, na aliona ninavyoutazama. Akazungusha kifuniko, akanisogezea. Niliinama, nikavuta pumzi, nikasubiri. Palikuwa na kitu, kwa mbali. Miezi iliyopita ningesema maua, ningesema msitu baada ya mvua, ningemfurahisha.

"Inanuka kama rangi ya mlango," nikasema. "Ile ya mafuta."

Sitta alinitazama. Mdomo wake ukaanza kucheza pembeni, kisha akashindwa kujizuia, akacheka hadi akashika meza.

"Rangi ya mlango!" alisema. "Basi angalau umeisikia."

Akavuta kiti, akakaa, akapindua ndoo ili nione upana wa mdomo wake, nami nikachukua mkasi nikaanza kukata.